Mwanafunzi wangu ana kifafa, wenzake wanamkimbia. Nifanyeje?

Mwl_wa_Tano:
Wakuu, naombeni ushauri. Katikati ya kipindi cha hisabati mwanafunzi wangu wa darasa la tano alianguka kifafa. Mwili ukakakamaa, kisha mikono na miguu ikaanza kurusharusha, povu likamtoka. Mwenzangu mmoja akaja mbio na kijiko amtie mdomoni, mwingine akamkandamiza miguu. Alipozinduka kaptula imelowa, na darasa zima limemzunguka.

Sasa anakaa dawati peke yake. Wanasema ukigusa povu lake na wewe unakipata. Ofisini nako wapo wanaotaka akae nyumbani "mpaka apone". Mimi sitaki aondoke, maana hesabu anaziweza kuliko wengi. Kikimshika tena nifanye nini? Na darasa nilieleze vipi?

Nesi_wa_Zamu:
Pole Mwalimu. Kijiko hapana kabisa! Hakuna anayemeza ulimi. Utamvunja meno bure, au akung'ate. Na msimkandamize. Sogezeni madawati, mwekee sweta chini ya kichwa, mlegeze kola, uangalie saa. Kikitulia mlaze ubavu mate yatoke. Maji asipewe mpaka awe na fahamu kamili. Kikizidi dakika 5, au kikirudia kabla hajazinduka, au kama ameumia, mkimbizeni hospitali.

Povu ni mate tu, kifafa hakiambukizi. Na hao wa "mpaka apone" waambie hivi: Shirika la Afya Duniani linakadiria watu milioni 50 hivi wanacho, na hadi asilimia 70 wanaweza kuishi bila kuanguka wakipata matibabu sahihi. Sasa dawa atazinywea nyumbani, na shule je, ataisoma wapi?

Mdau77:
Kwani kifafa si lazima aanguke?

Ninacho_Mimi:
Si lazima, ndugu. Changu utotoni kilikuwa cha kuduwaa: natazama ukutani sekunde kadhaa, kalamu mkononi, halafu naendelea kuandika nusu ya sentensi. Nilichapwa sana kwa "kutosikiliza". Walimu mlioko humu, mtoto wa hivyo mwiteni mzazi kwanza, fimbo wekeni kando.

Mwalimu, kuanguka kwenyewe hatukuhisi. Kinachouma ni kuzinduka umezungukwa na macho. Watoe wote nje, abaki rafiki mmoja anayemwamini, na kaptula ya akiba ikae kabatini kwako. Kabla ya kulieleza darasa, muulize yeye na mama yake. Mimi nilitangazwa mstarini bila kuulizwa, na mpaka leo sijaisamehe ile shule.

Mwl_wa_Tano:
Asanteni sana. Nimeongea na mama yake, kumbe vidonge vilikuwa vimeisha. Mtoto amekubali nieleze, ila anataka siku hiyo awepo. Swali moja limebaki: mpira acheze?

Nesi_wa_Zamu:
Acheze. Kuogelea ndiko asiende bila mtu mzima wa kumwangalia yeye tu, na miti asipande. Na asikeshe akisoma. Kukosa usingizi nako hukiamsha.