Tupeane uzoefu: Kuishi na familia ya Kijerumani kama au pair, mambo ya ndani ya nyumba

Sinza (mwanzisha mada)

Wakuu, salaam. Vijana wetu wanaokwenda kuwa au pair (kuishi na familia, kuangalia watoto na kusaidia kazi nyepesi za ndani kwa posho) wanasoma Kijerumani pale Goethe-Institut, Upanga, wanapeleka makaratasi ubalozini Umoja House, viza inatoka, ndege hiyo. Wanafika wakiwa na der, die, das kichwani, ila hawajui dirisha la kule linafungwaje wala saa za kazi zinahesabiwaje. Wanaowaandaa vijana hawa na wanaozijua nyumba zile, wekeni mnachokijua, kwa vipimo. Habari za nani alimkosea nani tuziache leo.

Naanza na masharti, maana ugomvi mwingi unazaliwa hapo. Unapoomba viza uwe umetimiza miaka 18 na hujafikisha 27, na uwe na Kijerumani cha ngazi ya A1, ile ya mwanzo kabisa. Mkataba ni wa miezi 6 hadi 12, na hauombwi mara ya pili. Kazi haizidi saa 6 kwa siku na saa 30 kwa wiki, na jioni unazobaki na mtoto wazazi wakiwa wametoka zimo ndani ya hizo 30. Mapumziko ni siku moja na nusu kila wiki, na walau Jumapili moja kwa mwezi iwe yako nzima. Posho ya mfukoni ni euro 280 kwa mwezi, na familia inachangia euro 70 kwa mwezi kwenye kozi ya lugha. Bima ya afya wanalipa wao. Nauli ya ndege kwa kawaida ni yako. Chumba kiwe chako peke yako, si chini ya mita 8 za mraba.

Kazi za ndani ni zile nyepesi: kifungua kinywa cha watoto, kufua, kupiga pasi, kuweka vyumba sawa. Kumuuguza bibi mgonjwa wa familia hakumo. Na wale wanaopanga kwenda kwa shangazi aliyeolewa kule, njia hii haiwafai: hairuhusiwi kwa ndugu, na nyumba yenyewe lazima iwe inaongea Kijerumani.

Mbagala

Nyongeza yangu ni moja ila ndiyo inayowaangusha wengi: ukimya. Kwetu kijana mwenye adabu hasemi njaa, hasemi baridi, hasemi sijaelewa. Kule asiyesema anachukuliwa kuwa ameridhika, na wala si kwamba hawamjali.

Chakula ndiyo mfano wa karibu. Hapa ukikaribishwa unakataa kidogo, mwenyeji anakubembeleza, ndipo unasogea mezani. Kule unaulizwa mara moja tu. Tena ukiulizwa kama unaongeza kisha ukajibu "danke" peke yake, umesema hapana, asante. Bakuli linaondoka. Ukitaka, sema "ja, gerne" au "ja, bitte".

Shika sentensi hizi kabla ya nyingine zote: "Ich habe noch Hunger" (bado nina njaa). "Mir ist kalt" (naona baridi, usiseme "ich bin kalt", hiyo inakuhusu wewe kuwa mtu baridi). "Das habe ich nicht verstanden" (hilo sijalielewa). Ukiitikia "ja" kwa heshima wakati hujaelewa, mtoto atakusubiri mlango wa chekechea na wewe uko nyumbani unapiga pasi.

Suala la saa nalo ni mtego. "Halb acht" ni saa 7:30 kwa mshale wao, yaani saa moja na nusu yetu. Wanahesabu nusu inayoelekea nane, si nusu iliyopita nane. Anayetafsiri neno kwa neno anachelewa saa nzima. Kwa miezi miwili ya kwanza, kila miadi andika kwa tarakimu na umuonyeshe mwenyeji: 7:30? Halafu saa zao hubadilishwa Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Majira ya joto Dar iko mbele kwa saa moja, majira ya baridi kwa saa mbili. Mama aambiwe mapema, asishangae simu ya jioni imesogea.

Jambo la mwisho: omba dakika 20 za kikao kila Jumapili jioni, ratiba ya wiki mezani. Andika saa zako pale pale wote wakiona. Ni rahisi kuliko kulalamika mwezi wa nne kwamba umezidishiwa.

Kigamboni

Niongelee bafu, dirisha na joto. Hapa ndipo nyumba ya watu inapoharibika.

Bafu la kwetu lina tundu la maji sakafuni, unajimwagia ndoo na kusukuma maji kwa fagio. Bafu nyingi za kule sakafu haina tundu hilo. Maji yakimwagika yanazama pembeni na kutokea kwenye dari la jirani wa chini. Oga ndani ya beseni au kibanda cha kuogea, pazia liwe limeingia ndani, ukimaliza futa. Sakafu za mbao hazipigwi deki kwa maji mengi: dekio likamuliwe mpaka lisidondoshe tone, la sivyo mbao zinavimba. Chooni hakuna shatafu. Nunua kopo lako, hakuna atakayekukataza, ila usirushe maji sakafuni. Karatasi inatupwa ndani ya choo chenyewe. Pedi haitupwi humo kabisa. Wanaume nyumba nyingi wanatakiwa wakae hata kwa haja ndogo.

Dirisha lina mkono mmoja wenye mikao mitatu. Ukielekea chini, limefungwa. Ukilala, linafunguka kama mlango. Ukielekea juu, linainama kwa ndani sehemu ya juu tu. Kosa la kawaida ni kuzungusha mkono dirisha likiwa wazi: dirisha zima linalegea na kuning'inia kwa bawaba moja. Usipige kelele wala usilivute. Lishikilie, lisukume kwenye fremu upande wa bawaba hadi likae, rudisha mkono pale ulipokuwa, kisha lifunge taratibu.

Hita ya ukutani ina kirungu chenye namba 1 hadi 5. Namba 3 ni kama nyuzi 20, na kila hatua ni takribani nyuzi 4. Ukiweka 5 chumba hakipati joto haraka zaidi, kinakwenda tu hadi nyuzi 28 na bili inakwenda nayo. Sasa, cha ajabu kwa mtu wa Dar ni kwamba katika baridi ile ile utaambiwa ufungue madirisha. Sababu ni unyevu: pumzi, maji ya kuoga na mvuke wa jikoni vikikosa pa kutokea vinagonga ukuta baridi na kuota ukungu mweusi. Zima hita, fungua dirisha wazi kabisa dakika 5 hadi 10, funga, washa tena. Mara mbili au tatu kwa siku. Kuliacha limeinamishwa kutwa hakusaidii, kunapoza ukuta tu.

Temeke

Naomba kuuliza. Binti yetu ni Muislamu na familia aliyopata si Waislamu. Chakula atafanyaje?

Magomeni

Dada yangu wa Temeke, alisema kabla ya mkataba? Kama bado, amwandikie mwenyeji leo, wazi wazi: sili nguruwe, sinywi pombe, na ninaswali mara tano. Familia nyingi zinakubali vizuri zikiambiwa mapema. Zinachokwazika nacho ni kugundua wiki ya tatu kwamba binti alikuwa anashinda na mkate mkavu.

Ajue maneno ya pakiti: Schwein ni nguruwe, na Schinken, Speck na Schmalz navyo kwa kawaida vinatoka kwake. Soseji ikiandikwa Wurst tu, ihesabu ina nguruwe mpaka usome nyuma. Peremende laini za watoto mara nyingi zina gelatini ya nguruwe, na watoto watamlisha kwa upendo kabisa, kwa hiyo asome. Nyama halali ipo kwenye bucha za Waturuki, karibu kila mji una moja. Chakula cha jioni nyumba nyingi ni cha baridi: mkate, jibini, soseji, matango. Aombe kupika mara moja kwa wiki. Wali wa nazi unawezekana kabisa, tui la kopo lipo supamaketi za kawaida. Unga wa sembe upo maduka ya Waafrika. Ule wa njano wa supamaketi ni chenga, ugali wake haushiki.

Tabata

Wanaobeba sufuria za Kariakoo: majiko mengi ya kule ni ya indaksheni, na sufuria ya alumini haipati moto juu yake hata ukikesha. Jaribu kwa sumaku: isiponasa chini ya sufuria, iache nyumbani. Mwiko beba.

Mashine ya kuoshea vyombo ina sabuni yake. Ukimimina sabuni ya maji ya kawaida, povu linatoka mlangoni na kujaa jikoni. Visu vizuri na vitu vya mbao havioshwi humo. Mashine ya kufulia: nyeupe mbali, rangi mbali, sufi na programu yake. Nguo za kila siku nyuzi 30 au 40, taulo na mashuka 60. Usiijaze, kiganja kiingie kati ya nguo na juu ya pipa lake.

Nyama na vitu vya maziwa usiweke begini, haviruhusiwi kuingia kutoka huku. Dagaa wakavu unaruhusiwa, ila ukiwakaanga washa feni ya juu ya jiko na uwaambie wenyeji kwanza.

Mbezi

Taka. Kwetu zote ndani ya kiroba kimoja, kule ni elimu kamili. Kwa kawaida pipa au mfuko wa njano ni wa vifungashio vya plastiki na makopo, la bluu karatasi, la kahawia maganda na mabaki ya mimea, jeusi au kijivu kilichobaki. Rangi zinabadilika mji na mji, kwa hiyo omba karatasi ya manispaa na ibandike kwenye friji. Mfuko wa plastiki usiingie pipa la maganda, hilo ndilo linalowaudhi majirani kuliko yote. Chupa za glasi unapeleka kwenye makontena ya mtaani, siku za kazi tu, kwa sababu Jumapili kelele zimekatazwa.

Chupa za plastiki za kutumika mara moja na kopo za soda zina amana ya senti 25. Ni kama kurudisha chupa tupu kwa Mangi, ila hapa unaingiza kwenye mashine ya supamaketi na kupata risiti. Usiziponde, mashine haitasoma alama.

Maduka Jumapili yamefungwa. Maziwa ya mtoto yanunuliwe Jumamosi.

Funguo: milango mingi inajifunga nyuma yako. Kutoa takataka bila ufunguo mfukoni ni kuishia kumwita fundi wa kufuli na kulipa bili yake. Kwenye jengo la ghorofa ufunguo mmoja ukipotea huenda kufuli za jengo zima zikabadilishwa. Waulize wenyeji kama bima yao ya Haftpflicht (inayolipia hasara unayomsababishia mtu mwingine) inakuhusu na wewe.

Upanga

Upande wa watoto, ambako hakuna pa kubahatisha. Kumchapa mtoto ni marufuku kisheria tangu 2000, hata kwa mzazi mwenyewe, na kibao kidogo cha mkono kimo. Kwenye gari, mtoto aliye chini ya miaka 12 na chini ya sentimita 150 anakaa kwenye kiti chake, hata kama safari ni ya dakika mbili. Usivuke taa nyekundu, barabara iwe tupu vipi. Watu watakusemesha, na wana haki, mtoto anakuiga. Dawa yoyote, hata ya kikohozi, mpaka mzazi aseme. Picha za watoto usiweke status bila ruhusa.

Juni jua linazama saa tatu na nusu usiku, na mtoto wa miaka minne analala saa moja na nusu. Shusha mapazia ya nje nusu saa kabla, asomewe hadithi kwenye giza giza, la sivyo mtapambana kila siku.

Namba za kukariri: 112 moto na wagonjwa, 110 polisi.

Kimara

Ikishindikana kabisa, kuna njia. Mkataba huvunjwa kwa notisi, kwa kawaida wiki mbili, na unaweza kupata familia nyingine kwa muda uliobaki; ofisi ya wageni ijulishwe. Pasi ya kusafiria unaitunza wewe, hakuna mwenyeji mwenye haki ya kuishika. Kwa binti anayetishwa au kuguswa, namba 116 016 ni bure, saa 24, na wana wakalimani.

Ukifika, ndani ya wiki mbili uandikishwe manispaa pale unapoishi, na mwenye nyumba asaini karatasi ya kuthibitisha. Bila hiyo hata akaunti ya benki inasumbua.

Sinza (mwanzisha mada)

Asanteni. Nimeona swali la plagi inboksi: zetu ni za pini tatu bapa, zao pini mbili za mviringo, umeme ni volti 230 kama huku. Nunua adapta moja tu Kariakoo na ubebe ekstensheni yako ya matundu manne. Simu, pasi na mashine ya nywele zote zinakwenda hapo hapo, ila usiwashe pasi na mashine ya nywele kwa pamoja, adapta ndogo zinaungua.