Safari ya Kolo imeishia kwenye ukuta wa darasa, halafu natukanwa mimi!

Mzee wa Nkuhungu:
Mbukwenyi wakuu. Uzi hauna mpangilio, nimetoka shuleni sasa hivi, vumbi la bodaboda bado liko kwenye kope.

Jina msiniulize. Mnamjua, yule mwalimu wa kubana kishikwambi kwapani kama kuku wa mnadani.

Kaleta barua: darasa la nne wanaenda Kolo, kule Kondoa, kuona michoro ya kale ya miambani, elfu kumi na tano kila mtoto. Nikalipa. Mama yake kaamka saa tisa usiku kuchemsha mihogo, mtoto kalala na viatu. Jioni anarudi: "Baba, tulifika Kolo, halafu bando likaisha."

Bando! Kumbe basi lenyewe ni projekta. Madirisha yamezibwa kwa kanga, watoto wameambiwa wafunge mikanda, mihogo wameila "njiani". Mmoja katapika. Katapika safari ya ukutani! Wangu kaona mtu mmoja mwekundu, mwembamba, nywele kama ufagio, basi, kiduara kikazunguka mpaka kengele.

Leo nimeenda kudai hela. Mbele ya wazazi wenzangu, mbele ya mama lishe wa getini, ananipandisha na kunishusha: "Kwani mzazi, wewe mwenyewe umeshafika Kolo?"

Mimi! Miaka 41, kitovu kimezikwa Dodoma! "Umeshafika Kolo?" Mama lishe kaangusha mwiko kwa kucheka.

Sijafika, sawa. Ndiyo swali la kumuuliza mtu anayedai chake? "Umeshafika Kolo?" Hata ugali haushuki.

Binti Mpwapwa:
Pole mkuu. Kwa hiyo hujafika? 😂

Ngosha wa Kisasa:
Lami ya Babati inapita hapohapo Kolo. UNESCO wameitia hiyo michoro kwenye urithi wa dunia tangu 2006, wewe unasubiri wa darasa la nne akakusimulie.

Mzee wa Nkuhungu:
Ngosha nimeleta malalamiko, sijaleta jiografia.

Chaki Nyeupe:
Mimi mwalimu. Projekta haina kosa, kosa ni kulipisha nauli ya ukuta. Na video unapakua usiku, huji kuhangaika na mtandao mbele ya watoto sitini. Hata hadithi za African Storybook zipo za Kiswahili, bure, unazishusha mapema wanasoma bila bando. Ila kishikwambi changu ni kile kilichotoka kwenye Sensa ya 2022, chaji inakata kabla ya uji. Na mimi nikalalamike wapi?

Mama Pacha Ipagala:
Afadhali nyie. Wangu kazoea kile cha kugusa neno linajisoma. Jana nimempa kitabu cha karatasi, anagusa "mbuni", anasubiri. Kagusa mpaka mbuni katoboka.

Binti Mpwapwa:
Nimekufa mimi 😂😂 mbuni kakosa nini

Kipara Area D:
Shule ya wangu inajiita ya kidijitali, juzi wamedai rimu ya karatasi kwa kila mtoto.

Mama Pacha Ipagala:
Rimu nenda Sabasaba, usinunue hapo karibu na shule.

Mzee wa Nkuhungu:
Jamani, na elfu kumi na tano yangu?

Ngosha wa Kisasa:
Imefika Kolo, we bado.

Kipara Area D:
Mama Pacha, hizo za Sabasaba karatasi 500 zinatimia kweli? Mara ya mwisho nilihesabu, wamechomoa.