MREJESHO: Mbwa wangu aliyekula sumu ya panya

Habari zenu wapendwa. Wiki 5 zilizopita niliuliza kama nimnyweshe maziwa au mafuta ya kula mbwa wangu, Simba, baada ya kumkuta anatafuna sumu ya panya. Asanteni sana mlionikataza na kunihimiza nimkimbize kwa daktari wa mifugo usiku uleule.

Nilibeba na pakiti ya sumu, na hiyo ilisaidia kuliko maelezo yangu yote. Daktari alisoma kiambato akasema ni ile inayozuia damu kuganda. Kwa kuwa saa 2 zilikuwa hazijapita, alimchoma sindano ya kumtapisha. Vikatoka vipande vya kijani, vingine bado vizima kabisa. Halafu akampa mkaa wa dawa.

Muda wote huo Simba alikuwa anatikisa mkia! Kumbe dalili za sumu hii huchelewa, mara nyingi siku 3 hadi 5: fizi kupauka, kuishiwa nguvu, kuhema kwa shida, kutokwa damu. Ningesubiri aonekane mgonjwa, leo ningekuwa nimeshamzika.

Ametumia vidonge vya vitamini K1 wiki 4, navificha kwenye chakula chenye mafuta kidogo kwa sababu hufyonzwa vizuri zaidi hivyo. Jana, saa 48 baada ya dozi ya mwisho, alipimwa damu tena. Inaganda kawaida.

Sumu yote nimeiondoa nyumbani. Simba amelala hapa miguuni pangu, anakoroma.