Kuna mtu humu kakwangua tokeni yangu kwa FUNGUO

Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Sitaji jina, mnamjua wote. Yule anayejibu kila picha kabla haijafunguka.

Leo nimempa mkononi tokeni yangu ya risasi, kile kipande cha kale kama sarafu, niliyoitoa shambani huko Kent, Uingereza, kwa ruhusa ya mwenye shamba. Upande mmoja ua la petali sita, lile la kuchorwa kwa bikari. Upande wa pili herufi R iliyogeuka kama ya kwenye kioo. Namwambia, "Hii ni risasi." Anacheka: "Ya bunduki gani?" Risasi MADINI, jamani! Sijamaliza sentensi, katoa funguo mfukoni. Kraaa! Katikati ya ua.

Kwa funguo!

Kitu kimelala ardhini hadi plau za trekta zimekichoka, kimepona, kije kuuawa na funguo ya kabati. Petali zilikuwa sita, sasa ni tano na nusu.

Halafu anatangaza, "Ndani inang'aa, ni mpya." Risasi yoyote ukiikwangua inang'aa! Hata ya enzi za Warumi! Ule utando mweupe juu ndio ulikuwa wa kutazamwa, na ndio alioung'oa. Kwa funguo. Eti na R iliyogeuka ni dalili ya feki. Waliomimina tokeni hizi walichonga kalibu kwenye jiwe laini, na ukiichonga R ilivyo, inatoka kinyume. Wengi walijisahau, basi. Ukingoni kuna hadi kishina pale risasi ilipoingilia kalibu. Alikiona? Angekionaje, na alikuwa anatafuta funguo?

Kwenye mashamba ya hopsi ya Kent, yale maua ya kutia kwenye bia, wachumaji walihesabiwa kazi kwa vipande kama hivi. Mtu mzima hajui, ila funguo anazo.

#2 KijikoChaShaba
Uzi bila picha ni umbea.

#3 Mwanzisha uzi
Za kabla ninazo. Za baada siwezi kupiga, roho inauma.

#4 BabaDetekta
Mkuu, nani alikutuma umpe mkononi? Huyo anaonyeshwa kwa mbali, tena ukiwa umesimama karibu na mlango.

#5 Mama_Udongo
Huyohuyo aliniambia mhuri wangu wa kitambaa ni kifungo cha koti. Una visahani viwili vilivyounganishwa na ukanda, vinakunjwa na kubanwa kwenye kitambaa! Kifungo gani kina pacha?

#6 Kalibu77
Funguo afadhali. Shemeji yangu aliloweka zangu kwenye siki "zitakate". Siki inakula risasi! Nimekuta maandishi yamekuwa uji.

#7 BabaDetekta
Siki hata haihitaji kumwagwa. Mimi niliziweka kwenye sanduku zuri la mwaloni, mvuke wa mbao ile una asidi hiyohiyo. Zikaota unga mweupe. Nani aliyekuwa anatushauri humu tununue masanduku ya mwaloni?

#8 Mwanzisha uzi
Wakuu, turudi kwenye funguo.

#9 KijikoChaShaba
Tukiwa hapohapo, kuna hawa wa kutupa picha bila rula wala uzito, "hii ni nini?" Inaweza kuwa tokeni, inaweza kuwa sahani ya kulia! Tutajuaje?

#10 Mama_Udongo
Na wanaopiga upande mmoja tu. Ukiomba wa pili: "hauna kitu". Kumbe una msalaba na vidoti vinne!

#11 Kalibu77
Na wa kuita kila kipande "sarafu ya mfalme". Farthing za shaba, zile robo peni za Charles II mfalme wa Uingereza, zilitoka 1672. Kabla ya hapo wenye maduka walikuwa wanajitengenezea chenji wenyewe, huyo mfalme anaingiaje?

#12 Mwanzisha uzi
JAMANI. FUNGUO.

#13 Mgeni_Shambani
Mkuu wa #9, kwenye uzito, mizani ya jikoni inafaa?

#14 KijikoChaShaba
Ya jikoni usithubutu, risasi ni sumu. Tafuta ya pembeni, yenye desimali. Na unawe mikono.