Walimu tunawaadhibu watoto kwa kuandika, halafu tunalalamika hawapendi kuandika

Wakuu, habari za muda huu.

Nitasema bila kuzunguka maana hili limenikaa kooni muda mrefu. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, kidato cha kwanza na cha pili, shule ya kata. Kila kikao cha taaluma tunaimba yale yale: watoto wa siku hizi hawapendi kuandika, wavivu, simu zimewaharibu. Kikao kikiisha, mwalimu huyo huyo anaingia darasani, anakuta kelele, anatoa amri: "Wote, 'Sitapiga kelele darasani' mara mia mbili, kesho asubuhi mezani kwangu." Asubuhi karatasi zinaletwa. Hazisomwi. Zinahesabiwa, zinachanwa, zinatupwa.

Mtoto wa miaka 14 hapo ameelewa vizuri sana: kuandika ni adhabu, na ukishaandika hakuna atakayesoma. Kipindi kinachofuata naingia mimi na kusema "haya, leo tuandike insha". Achangamke kwa lipi?

Kinachoniuma zaidi ni barua. Mwalimu wa zamu akimkamata binti wa kidato cha pili na barua ya mapenzi, anaisoma mstarini mbele ya shule nzima, kwa sauti ya kuigiza. Wanafunzi wanacheka, walimu wanacheka, kisha fimbo. Sisemi mambo ya mapenzi yaachwe tu. Mwite ofisini, mwite mzazi, zungumzeni kwa staha. Lakini niliichukua barua mojawapo baada ya mstari kutawanyika, nikaisoma. Binti ambaye kwenye insha zangu hakuwahi kuvuka mistari sita alikuwa amejaza kurasa mbili. Amefuta neno, ameweka lingine linalokaa vizuri zaidi. Anajua aanzie wapi na aishie wapi, kwa sababu ana mtu wa kumwandikia na jambo la kumwambia. Ndicho tunachokiomba darasani kila siku! Tumekipata, tumekichapa viboko hadharani. Tangu siku ile binti huyo haandiki chochote zaidi ya jina lake na tarehe, na mimi simlaumu.

Tusijidanganye kwamba tatizo linaanzia sekondari. Mtihani wa darasa la saba umekuwa na sehemu ya Kiswahili inayoitwa Utungaji. Mnakumbuka mtoto anatunga nini? Anapewa sentensi nne zilizovurugwa, za mtu mwingine, azipange kwa kuzipa herufi A, B, C na D. Na tangu 2012 majibu yalipoanza kusahihishwa kwa mashine, kazi yake ikawa kusiliba kiduara kwa penseli. Shule inafundisha kinachotahiniwa, kwa hiyo mtoto anaweza kumaliza miaka 7 ya msingi bila kuandika aya tatu za mawazo yake mwenyewe. Mitihani ya kidato cha nne imekuwa ikidai insha ya maneno 250 hadi 300. Ayatoe wapi?

Akiingia kidato cha kwanza, masomo karibu yote yanageuka Kiingereza. Monita anapewa kitabu anakili notsi ubaoni, wengine wanakili kutoka ubaoni, kengele inagonga. Daftari limejaa, mzazi anafurahi, mwalimu amefunika mada. Mtoto hajaandika hata sentensi moja iliyotoka kichwani mwake. Kinabaki kipindi cha Kiswahili, mahali pekee anapoweza kusema anachofikiri bila woga wa lugha, na hapo tunampa "Umuhimu wa maji" na "Faida za elimu". Anayesoma majibu hayo anayajua kabla hajafungua daftari, na mtoto naye anajua kwamba mwalimu anayajua.

Sitaki kulalamika tu. Mimi nina mkondo wa watoto 80, kwa hiyo msiniambie sijui hali ilivyo. Wana daftari la pembeni ambalo silitolei alama. Wanaandika dakika kumi mwanzoni mwa kipindi: mwelekeze mgeni kutoka stendi hadi kwenu, eleza ugomvi ulioushuhudia bila kusema nani ana kosa, andika mistari ya singeli, ila iwe na kisa. Wanasomeana wawili wawili, mimi nachukua safu moja tu kwa wiki. Najibu kwanza alichosema, sentensi moja ya mtu aliyesoma kweli. Makosa naonyesha mawili, sipaki ukurasa mzima wino mwekundu. Tulipofika barua rasmi, tulimwandikia mtendaji wa kata kuhusu kivuko kilichobomoka njiani, na kabla hawajaanza niliwaambia itapelekwa. Watoto wale wale "wavivu" walirudia rasimu wenyewe, wakabishana kuhusu aya ya pili hadi mapumziko yakaisha. Hakuna aliyewashika mkono.

Najua nitaambiwa muda hautoshi, mada hazitaisha. Dakika kumi? Tunapoteza nyingi kuliko hizo tukihesabu karatasi za adhabu.

Lipo pia shindano la Umoja wa Posta Duniani la kuandika barua, tangu 1971, kwa watoto wa miaka 9 hadi 15. Ni umri wa hawa hawa wa kwetu. Shule ikipata tangazo, linakaa ofisini, mwisho anaitwa yule mwanafunzi mmoja anayeitwa kila mara. Wengine hawajui hata kama lilikuwepo. Bandikeni ubaoni, kila mtoto asome!

Wakuu wa shule mliomo humu, mnaweza kupiga marufuku adhabu ya kuandika mara mia kesho kwenye kikao cha asubuhi. Haihitaji waraka wala bajeti. Na barua ya mtoto isisomwe mstarini, hata iwe imeandikwa nini.

Walimu wenye mikondo mikubwa kuliko wangu, wekeni hapa mnavyofanya ili kazi za watoto zisomwe. Mimi safu moja kwa wiki bado naona ni kidogo.