Tupeane uzoefu: WiFi ya bure ya watalii ilikuuliza nini kabla ya kukufungulia?

Nahodha wa Shangani
Wakuu, habari za jioni. Natembeza wageni Mji Mkongwe, na kila mkahawa tunaoingia mgeni anaulizia WiFi kabla ya menyu. Zamani nywila iliandikwa ubaoni, basi. Siku hizi unafunguka ukurasa: jina, barua pepe, simu, tarehe ya kuzaliwa. Juzi mama mmoja wa Kijerumani aliniuliza tarehe yake ya kuzaliwa na kahawa vinahusiana vipi, nikabaki kucheka. Mliosafiri, na mnaofanya kazi upande wa pili wa hiyo mitambo, tiririkeni. Visa vya kweli tu.

Binti Likoni
Niliunganisha WiFi ya hoteli moja Dubai nikiwa safarini, nikaweka namba yangu ya simu ili nitumiwe namba ya siri ya kuingilia. Sasa kila Ramadhani naletewa ofa za futari huko, nami niko Mombasa nakula mahamri yangu. Kuwajibu waache siwezi, maana ujumbe unakuja kwa jina, hauna namba ya kurudishia.

Fundi wa Nyaya
Nimefanya kazi chumba cha mitambo cha hoteli huko Kusini Pwani, nawaambia nilichokuwa nakiona. Mazungumzo yako ya WhatsApp au ya benki sikuyaona. Siku hizi karibu kila kitu kinasafiri kimefungwa kwa msimbo, wa katikati hawezi kukisoma. Yule kijana mdukuzi mwenye laptop meza ya pili mnayemwogopa alitamba zaidi enzi za 2010.

Nilichokiona ni hiki: jina la simu (watu wengi simu zao zina majina yao kamili!), saa uliyoingia, mara nyingi majina ya tovuti ulizofungua, na kifaa kipi cha kurushia WiFi kimekushika. Kikikushika cha kando ya bwawa, najua uko bwawani. Ukihamia baa, najua. Ukirudi mwaka ujao, mfumo unakutambua kabla ya dada wa mapokezi.

Simu mpya zimepunguza hilo. Tangu Android 10 ya 2019 na iOS 14 ya 2020, simu inaupa kila mtandao namba ya MAC (ile ya kukitambulisha kifaa) ya kubuni badala ya ile ya kiwandani. Lakini ukishaandika barua pepe yako kwa mkono wako, namba ya kubuni itakuficha nini? Orodha ya hizo barua pepe ilikwenda kwa watu wa masoko. Tarehe ya kuzaliwa waliitaka hao hao, wakutumie ofa ya keki.

Mtoto wa Pangani
Fundi, ukiandika 1 Januari 1900 inakubali?

Fundi wa Nyaya
Inakubali. Kwa mujibu wa kompyuta yetu, tulilaza vikongwe wengi sana.

Kaka wa Tottenham
Huku London hata fomu haikuhitajika. Mwishoni mwa 2016, kwa wiki nne, Transport for London, shirika la usafiri la jiji, walifuatilia simu zilizokuwa zikiungana na WiFi ya vituo 54 vya treni za chini ya ardhi. Wakagundua watu wa King's Cross kwenda Waterloo wanapita njia zisizopungua 18! Tangu Julai 2019 ni jambo la kudumu. Sina ugomvi nao: walibandika matangazo, walisema utambulisho unafichwa, na asiyetaka azime WiFi.

Walionikera ni wale wa mapipa ya taka ya City, mtaa wa mabenki hapa London, 2013. Pipa lina skrini ya matangazo, na ndani kuna kifaa kinachonasa simu za wapita njia. Hujaunganisha chochote, umetupa ganda la ndizi tu. Halmashauri ikawaambia waache.

Msafiri Mvivu
Na nani anasoma masharti? 2017 kampuni moja ya WiFi ya Manchester ilichomeka humo kifungu cha saa 1,000 za kazi za jamii, ikiwemo kusafisha vyoo. Watu 22,000 wakabonyeza "nakubali" 😂

Mama Mkwe wa Bandari
Istanbul, uwanja wa ndege: kama laini yako haipokei SMS, kuna mashine unaiwekea pasipoti ndipo inakupa namba ya kuingilia. Shemeji yangu anayeishi huko anasema sheria yao ya 2007 inawataka wanaogawa intaneti watunze kumbukumbu.

Nahodha wa Shangani
Asanteni. Fundi, nikimshauri mgeni atumie VPN, ile app inayopitisha intaneti yako kwa njia ya siri?

Fundi wa Nyaya
Inamzuia mwenye mkahawa kuona tovuti zake, ila anayeiona safari yote sasa ni mwenye VPN, na za bure nazo zinakula wapi? Halafu kumbuka TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, Oktoba 2023 walitaka wanaozitumia wajisajili. Rahisi ni kununua laini.

Nahodha wa Shangani
Laini ya hapa anasajili kwa pasipoti na alama za vidole, mkuu. Nitamweleza, achague mwenyewe.