Mtetemo wa mashine: sensa ya ukaribu au akselerometa?

Fundi_Mzunguko: Wakuu, naomba ushauri. Nina kompresa inayozunguka mara 9,000 kwa dakika, shafti yake imekaa kwenye beringi za bushi zenye mafuta. Pembeni kuna pampu nne za beringi za gololi. Natamani kununua aina moja ya sensa kwa mashine zote ili spea zisinisumbue. Ipi?

Shafti_Nyoofu: Usinunue aina moja, mkuu. Beringi ndiyo inayoamua. Kwenye bushi shafti inaelea juu ya utando wa mafuta, na kasha la kompresa ni zito. Shafti inaweza kuyumba mikroni 80 wewe umeweka kiganja kwenye kasha na husikii kitu. Akselerometa, yaani sensa ya mtetemo inayofungwa juu ya kasha, inapima kasha tu. Sensa ya ukaribu inatazama shafti yenyewe bila kuigusa: ncha inatoa uga wa sumaku, uga huo unazusha mikondo midogo ya umeme kwenye uso wa chuma, na pengo likibadilika volti nayo inabadilika. Zile za ncha ya milimita 8 hutoa volti 7.87 kwa kila milimita. Funga mbili kila beringi, zipishane nyuzi 90, utaona shafti inachora njia gani ndani ya bushi.

Bi_Gololi: Sawa kwa kompresa, ila pampu zipe akselerometa. Gololi hazina nafasi ya kuchezea, kwa hiyo mtetemo unafika moja kwa moja kwenye kasha. Tena njia ya gololi ikianza kubanduka, dalili za mwanzo huja kwenye masafa ya kilohezi kadhaa, ambako shafti inasogea chini ya mikroni moja. Sensa ya ukaribu haitaiona.

Fundi_Mzunguko: Hapo nimeelewa. Na kufunga je?

Karakana7: Hapo ndipo tunapoumia wengi. Pengo lisome kwa mita. Unganisha mfumo wote, washa umeme wa volti −24, zungusha sensa taratibu mpaka mita isome karibu volti −10 za DC, kaza nati, kisha soma tena, maana nati ikikazwa huivuta sensa. La pili ni kebo. Sensa, kebo ya nyongeza na kisanduku chake (kile kinacholisha sensa umeme na kutoa volti unazosoma) vimelinganishwa kwa urefu mmoja, mara nyingi mita 5 au 9. Kazini kwetu kebo ya mfumo wa mita 5 iliwahi kufungwa kwenye kisanduku cha mita 9. Usomaji ukapotoka, na siku mbili nzima tuliilaumu shafti.

Shafti_Nyoofu: Na uso wa shafti pale sensa inapotazama! Mkwaruzo, au usumaku uliobaki kwenye chuma, unasomeka kama mtetemo. API 670, kiwango cha mifumo ya kulinda mashine, inaruhusu kasoro hiyo isizidi mikroni 6 au robo ya mtetemo unaokubalika, kutegemea kipi ni kikubwa. Izungushe polepole kwanza, uandike kinachosomeka.

Fundi_Mzunguko: Basi kompresa ipate sensa nne za ukaribu kwenye beringi mbili, na nyingine mbili za kutazama shafti ikisogea mbele na nyuma. Pampu akselerometa.

Karakana7: Ongeza moja ya kuhesabu mzunguko, itazame mfereji wa ufunguo, ule mkato kwenye shafti. Bila hiyo utajua mtetemo ni mkubwa kiasi gani, lakini siku ya kubalansi hutajua uzito uuweke upande upi. Halafu, shafti yako ni chuma gani? Sensa hizi kiwandani hupimwa kwa chuma cha AISI 4140. Kama yako ni tofauti, zipime upya kabla hujafunga.